Nilikwenda Milimani Kukimbia Misa



Vijana wenzangu, leo nawasimulia jambo ambalo hata mama yangu nilimficha kwa muda mrefu.

Nikiwa masomoni Kraków, Poland, mama alinipigia simu kila Jumapili jioni. Swali lilikuwa lile lile: "Mwanangu, umesali leo?" Nami nikajibu, "Ndiyo mama, nimesali." Ukweli ni kwamba nilikuwa na miezi minne sijakanyaga kanisani. Jumapili zangu zilikuwa za kutalii. Nilijiambia, "Mungu yuko kila mahali, hata milimani nitamkuta." Wangapi tumeshawahi kusema hivyo?

Basi Jumapili moja nikaenda na wenzangu kwenye Milima ya Tatra, kusini kabisa, mpakani na Slovakia. Tulitembea kama kilomita 9 kutoka maegesho hadi Morskie Oko, maana yake Jicho la Bahari. Ni ziwa lililoko mita 1,395 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba chini yake kuna njia ya siri inayoliunganisha na bahari. Juu yake kinasimama Rysy, kilele kirefu kuliko vyote Poland, mita 2,499. Yaani pazuri mpaka unakosa la kusema.

Nikapiga picha, nikaziweka statasi. Sifa zikamiminika. Kisha ukaingia ujumbe wa mama: "Kazi ya Mungu hii, mwanangu! Huko Misa mmesalia wapi?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimekaa mbele ya uzuri wote ule, na sikuwa nimemwambia aliyeuumba hata neno moja.

Kitabu cha Hekima, sura ya 13, kinawashangaa watu wa namna yangu: wanaona kazi, wanaisifu, wasimtambue Fundi. Na anayesali Zaburi ya 121 anainua macho kuitazama milima, lakini msaada wake anautafuta kwa Bwana. Ndugu yangu, ni kweli Mungu yuko milimani. Lakini ziwa halikuondolei dhambi, na mlima haukupi Mwili wa Kristo.

Mtu aliyeipenda Tatra kweli ni Mtakatifu Yohane Paulo II. Akiwa padre kijana aliwapeleka vijana milimani na kwenye maziwa. Serikali ya kikomunisti haikutaka mapadre waongoze vikundi vya vijana, kwa hiyo wakamwita Wujek, yaani Mjomba, asijulikane. Porini waligeuza mtumbwi juu chini, ukawa altare, wakasali Misa. Hata mwaka 1958, alipoitwa kuambiwa kwamba ameteuliwa kuwa Askofu Msaidizi wa Kraków, alikuwa kwenye safari ya mitumbwi na vijana. Yeye aliibeba Misa kwenda nayo porini. Mimi nilikwenda milimani ili niikwepe.

Wiki ile nikaenda kuungama. Jumapili iliyofuata nikarudi Tatra, lakini safari hii nikapanda hadi Wiktorówki, kwenye kikanisa cha mbao cha Bikira Maria Malkia wa Tatra, kinachohudumiwa na Wadominikani. Husimuliwa kwamba huko Mama Maria alimtokea binti mchungaji aliyepotea kwenye ukungu akitafuta kondoo wake. Nikasali Misa nikilia. Niliyepotea nilikuwa mimi.

Jioni simu ikaita. "Mwanangu, umesali leo?" Nikasema, "Leo ndiyo, mama. Lakini Jumapili nyingi nilikudanganya. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Ndiyo maana sikuacha kuuliza."

Kijana mwenzangu, safiri. Ione dunia, ni zawadi ya Baba. Ila kabla hujakata tiketi, uliza parokia ya karibu iko wapi na Misa ni saa ngapi. Ukifika penye uzuri, acha simu mfukoni dakika kumi tu, umshukuru Mungu kwanza. Na kama kuna mtu nyumbani anayekuuliza kila siku kama umesali, usimchoke. Huenda kwa sauti yake ni Mungu anayekutafuta.

Ee Bwana, uliyeumba milima na maziwa, usiniache nikazipenda kazi zako nikakusahau wewe. Amina.