Msiivunje Kamati

Siku ya kuanua matanga, kabla viti havijarudishwa kwa mwenyewe, mweka hazina wa kamati ya mazishi husimama na daftari lake. Anasoma mapato: rambirambi za wafanyakazi wenza wa marehemu, mchango wa jumuiya, wajomba wa Tabora, shemeji wa Muscat aliyetuma kwa simu. Kisha matumizi: jeneza, gari, mchele, mafuta, maji ya kunywa, turubai. Kilichosalia anakabidhiwa mkubwa wa familia. Mwenyekiti anawashukuru wote waliofika, dua inasomwa, na kamati inavunjwa.

Ndugu zangu, msiivunje.

Hebu tazameni walichofanya watu hawa. Wengine walikuwa hawajasalimiana kwa miaka. Ndani ya siku chache wamechanga fedha, wamesafirisha mwili, wamelisha mamia ya watu na wametoa hesabu mbele ya kadamnasi, shilingi kwa shilingi. Uwezo kama huu haupatikani kwenye semina. Tunao tayari, tumeurithi kwa wazee wetu, na kila baada ya mazishi tunautawanya kila mmoja akarudi kwake. Inaniuma kuona mtu akiugua tunachangishana kwa kusuasua, lakini akifa fedha zinapatikana usiku mmoja. Nguvu hiyo ya usiku mmoja ndiyo ninayoidai leo, itumike kwa walio hai, kwa jina la aliyetangulia.

Kanada kuna familia iliyofanya hivyo. Terry Fox alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja mzima na mmoja wa bandia, karibu kilomita 42 kwa siku, akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Lengo lake likawa dola moja kwa kila Mkanada. Saratani ikamrudia mapafuni. Alisimama karibu na mji wa Thunder Bay, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, akafariki tarehe 28 Juni 1981, hajatimiza miaka 23.

Septemba ya mwaka huohuo watu wapatao 300,000 walikimbia na kutembea kwa jina lake. Wazo la kuzifanya mbio hizo kila mwaka lilitoka kwa Isadore Sharp, mwenye mahoteli, ambaye naye alikuwa amemzika mwanawe kwa saratani. Mama yake Terry, Betty Fox, aliibeba kazi hiyo, akizunguka mashuleni kuwasimulia watoto habari za mwanawe, hadi alipofariki mwaka 2011. Familia ilikataa mbio zigeuzwe ubao wa matangazo ya makampuni, maana Terry mwenyewe hakutaka mtu atafute biashara kwenye jasho lake. Hadi leo zinaendelea, na zimekusanya mamia ya mamilioni ya dola.

Mamilioni hayo yasikutishe. Tazama walichokishika: ugonjwa mmoja, siku moja ya mwaka, na sharti ambalo hawakubali livunjwe. Hayo yako ndani ya uwezo wa ukoo wowote.

Anzeni na kile kilichomwondoa mtu wenu. Kama ni dada aliyefariki kwa kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, na duniani hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya wazazi, basi familia yake haihitaji hata shilingi kuanza. Iende kuchangia damu. Mwanamume mwenye afya njema anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Nawaona kaka zake, binamu, mashemeji na wale vijana waliobeba jeneza lake, wamekaa kwenye benchi mikono ya mashati imekunjwa. Muuguzi anamtoboa mmoja kidole, anapima wingi wa damu, anamwambia apande kitandani. Mfuko unajaa taratibu, kama mililita 450. Damu hiyo ikishapimwa na kuonekana salama, kuna mzazi ataingizwa chumba cha upasuaji usiku wa manane na mumewe hatatumwa kuhangaika mitaani kutafuta watu wa kuchangia. Mwaka unaofuata, tarehe ileile, nendeni tena.

Kama ni mtoto aliyeondoka kwa selimundu, mlipieni bima ya afya mtoto mwingine mwenye selimundu. Kama alikuwa mwalimu, shule aliyofundisha inajua ni mwanafunzi gani hana sare. Waislamu wanajua uzito wa sadaka jariya inayomfuata marehemu kaburini. Wakristo wana misa ya kumbukumbu, na watu wakiwa wamekwisha kukusanyika, mchango upitishwe hapohapo.

Lakini watoto wa marehemu mwenyewe kwanza. Mfuko wa kumbukumbu unaosomesha wa jirani huku wa marehemu wamerudishwa nyumbani kwa ada ni aibu kwa jina lake. Mjane naye asibebeshwe mzigo wa kuomba. Huyo ana kazi ya kuomboleza. Mchango uwe wa hiari, na mwenye elfu mbili aandikwe kwa heshima ileile ya mwenye laki mbili.

Fedha zisilale kwenye simu ya mtu, hata awe mwaminifu namna gani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, mmoja upande wa baba, mmoja upande wa mama, mmoja rafiki asiye na ukoo nanyi. Taarifa ya benki itumwe kwenye kundi la WhatsApp kila mwisho wa mwezi bila mtu kuiomba. Mfuko ukikua, kwa Tanzania Bara bodi za wadhamini husajiliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Wewe ambaye kundi la WhatsApp la msiba bado liko kwenye simu yako, kimya tangu arobaini, lifungue leo. Badilisha jina la kundi, weka jina la marehemu. Andika ni jambo gani moja mtakalolifanya na ni tarehe gani. Watakaojitoa kundini waache waende kwa amani. Wakijibu watano, mmetosha kuanza.