Nehemia Hakushuka Ono

Neno: Nehemia 6:1–4, Marko 1:35–38, Mithali 6:1–5

Wapendwa, mnajua sisi watu wa mlimani hatusemi hapana. Tunasema "nitajaribu." Tunasema "wacha tuone mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukifika tunazima simu, na tukimwona yule mtu soko la Cheptais tunapitia nyuma ya maduka. Hapo umemnyima mara mbili: umemnyima pesa, umemnyima na ukweli.

Hata mimi nimefanya. Miaka michache iliyopita ndugu mmoja aliniomba niwe mdhamini wake kwa mkopo wa kikundi. Alinishika mkono nikitoka ibadani, watu wakitazama. Nikasema sawa, mtumishi atakataaje? Sikumuuliza mama watoto. Yule ndugu akalemewa, akahama, na kikundi kikaja kwangu na karatasi yenye sahihi yangu. Mtamba wetu akapelekwa Chwele, akauzwa. Yule mtamba ndiye alikuwa karo ya binti yetu, kidato cha kwanza. Msichana alikaa nyumbani wiki tatu akipalilia vitunguu. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Sasa mwone Nehemia. Sanbalati na Geshemu wanamwita wakutane bonde la Ono. Mara nne wametuma, mara nne amejibu lile lile: ana kazi kubwa, hawezi kuiacha ashuke. Hakusema ni mgonjwa. Hakusema atajaribu. Na ukuta uliisha kwa siku 52. Mara ya kwanza si ngumu sana, wapendwa; ya nne ndiyo inatushinda, maana mtu amerudi, ameketi, amekunywa chai yako.

Mtu ataniambia, Pasta, hao walikuwa maadui, anayeniomba mimi ni shemeji. Kweli, hata yule ndugu yangu hakuwa Sanbalati. Basi soma Marko. Yesu ameamka alfajiri kuomba, Simoni anamfuata kumwambia watu wote wanamtafuta. Hao ni watu wenye shida zao. Lakini Yesu akaelekea vijiji vingine, kwa sababu alijua alichojia. Unafikiri hakuwahurumia?

Sijasema tufunge mikono. Jirani ana mgonjwa, changa. Kuna matanga, twende. Lakini toa kilicho chako; karo ya mtoto si yako.

Na aliyekwisha kuweka sahihi je? Sulemani hamwambii akae akiomba tu. Anamwambia aende kwa yule mtu, ajinyenyekeze, asilale usingizi kabla hajajiponya, kama paa anavyojitoa mkononi mwa mwindaji. Jumatano baada ya maombi wazee watabaki kanisani. Kama una ahadi inayokunyima usingizi, ya chama, ya harambee, njoo, mzee mmoja atakusindikiza ukaiseme. Na kama ni ile ya mabati ya hapa kanisani, tutaifuta kwenye daftari, na hakuna atakayesomewa jina.