Kwao Korongo ni Wapi?

Katika Nyasho, mjini Musoma, atazamaye anga huweza kuona ndege wa tabia mbili. Bata bukini hukaa na Ziwa Viktoria mwaka mzima. Korongo mweupe huja baridi inapoishika Ulaya. Mwaka 1822 korongo mmoja alionekana Ujerumani na mkuki wa Afrika shingoni, akawa shahidi wa safari ambayo wataalamu walikuwa wakiibishania.

Basi korongo ni wa nani? Mjerumani atasema, "Ni wangu, aliangulwa kwangu." Mtu wa Nyasho atajibu, "Ni wangu, hushiba kwangu." Bata bukini angewacheka wote wawili: yeye haendi mbali, wala hapana anayemgombea.

Methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Korongo haingoji ya tatu. Tangu ya kwanza huwawinda panzi na nzige. Ikiwa hivyo kwa ndege, mtu naye aweza kuwa na kwao pawili: alipozikwa kitovu chake, na alipomwaga jasho lake. Pa kwanza hupewa bila kuomba. Pa pili hupastahili. Amnyimaye mgeni mwenye jembe hapo pa pili, na ajiulize kwanza: yeye mwenyewe amelima nini?