Mwaka Kogwa na Hukumu ya Siku Tatu

Kila mwezi wa Julai wakazi wa Makunduchi, katika Mkoa wa Kusini Unguja, hukusanyika kwenye viwanja vya Kae Kuu kuukaribisha mwaka mpya wa Nairuzi kwa sherehe iitwayo Mwaka Kogwa, ambayo ndani yake mna kuoga baharini, kupigana kwa migomba, nyimbo za wanawake na kuchomwa kwa kibanda cha makuti. Washiriki wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, wanaosali, wanaofunga na wanaowapeleka watoto wao chuoni, na kwa sababu hiyo mjadala wa kidini kuhusu sherehe hii umezoea kuanza na kuishia kwenye uhalali wake. Suala hilo lina haki ya kuulizwa, lakini limelifunika jingine lililo zito zaidi, nalo ni kama chuki baina ya watu inaweza kuwekewa siku ya kumalizika.

Ni lazima kwanza ieleweke kwa nini Waislamu hawa wana mwaka wa pili. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, na Qurani, katika Sura ya Tawba, imeikataza nasii, yaani desturi ya Waarabu wa zama za ujahiliya ya kuisogeza miezi mitukufu kwa maslahi yao. Kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka ipatayo 33, na hakuna nchi inayobebeshwa daima swaumu ya siku ndefu za joto. Hekima hiyo, hata hivyo, haimsaidii mkulima anayetaka kujua lini apande, wala nahodha anayengoja kaskazi au kusi. Watu wa pwani walilijaza pengo hilo kwa mwaka wa siku 365, uliogawanywa katika miongo 36, kila mwongo ukiwa na siku kumi, na siku tano zikabaki nje ya hesabu hiyo. Baharia mashuhuri Ahmad ibn Majid, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 15, alizitaja siku za kung'oa nanga kwa kuzihesabu tangu Nairuzi. Ushahidi huo unaipunguzia nguvu hadithi inayorudiwa mno, kwamba sherehe ya Makunduchi ni mabaki ya ibada ya moto iliyoletwa na Washirazi, kwa kuwa jina ni la Kiajemi kweli, lakini hesabu yenyewe ilitumika katika bandari nyingi kwa haja ya safari, si ya ibada. Zaidi ya hayo, Waajemi waliirekebisha kalenda yao mwaka 1079 ili Nairuzi ibaki mwezi wa Machi, ilhali mwaka wa mabaharia, usio na siku ya nyongeza, umeendelea kurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne hadi ukaufikia Julai.

Kiini cha sherehe ni mapigano. Wanaume wa pande mbili za mji, kusini na kaskazini, hukabiliana wakiwa na vipande vya migomba, wengine wakiwa wamevaa nguo nzito juu ya nguo, huku wanawake waliojitanda kanga wakipita wakiimba, na baadhi ya nyimbo zao zikiwasema wanaume bila kuwaficha. Mgomba una maji mengi, hivyo huumiza bila kuvunja mifupa na hupasuka mapema mkononi mwa mpigaji. Lakini utomvu wake huacha doa lisilotoka kwa sabuni. Wenye mila hueleza kwamba kila mmoja hutoa hapo kinyongo chake cha mwaka mzima, ili asivuke nacho.

Maelezo hayo yanagongana moja kwa moja na hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, isemayo kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa wawili hao ni yule anayeanza kutoa salamu. Ikiwa sheria imetoa siku tatu, anayengoja siku 365 anangoja nini? Jibu linalostahili kupimwa ni kwamba hadithi inazungumzia watu wawili wanaokutana njiani na kupeana visogo, ambao kila mmoja anaweza kuanza. Uhasama wa upande kwa upande, uliotokana na mbuzi walioingia kwenye muhogo au mwaliko wa harusi uliosahauliwa, hauna mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuanza salamu. Hapo ndipo siku iliyopangwa inapofaa, kwa sababu haimngoji mtu. Hata hivyo jibu hilo lina mpaka wake. Maulamaa wameshurutisha kwamba toba inayohusu haki za waja, yaani haki za binadamu mwenzako, haitimii mpaka haki irudishwe au mwenyewe asamehe, na hakuna pigo la mgomba linaloweza kurudisha shamba lililonyakuliwa. Mwaka Kogwa humaliza madai ya heshima. Ya mali huyaacha pale pale yalipo.

Pingamizi kali zaidi ni la jina lenyewe. Katika hadithi ya Anas iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaeleza kwamba Mungu amewapa mbili zilizo bora kuliko hizo, yaani Idi za Kufungua na Kuchinja; na wafafanuzi wamezitaja siku hizo za kale kuwa ni Nairuzi na Mihrajani. Mtetezi wa mila hukimbilia tofauti baina ya ibada, ambayo asili yake ni kuzuiwa mpaka pawepo dalili, na ada, ambayo asili yake ni kuruhusiwa. Utetezi huo unatosha kwa kuoga, kwa mapigano na kwa vyakula, lakini hauufikii moshi wa kibanda, ambao mganga huutazama uelekeo wake kutabiri mwaka utakavyokuwa. Kudai ujuzi wa ghaibu si ada, na wanaoukataza wana hoja isiyojibika kirahisi.

Siku hizi viongozi wa serikali huhudhuria na watalii huja na kamera, jambo ambalo wengi hulilalamikia, ingawa mila yenyewe humtaka kila mtu awe na mgeni siku hiyo, na kukosa mgeni huonwa kuwa mkosi. Tatizo haliko kwa mgeni. Liko katika ukweli kwamba kadiri mapigano yanavyogeuka kuwa maonyesho ya kupendeza, ndivyo yanavyokuwa mchezo tu, na mchezo ni mwepesi kwa mufti kuuruhusu. Kwa hiyo Mwaka Kogwa unaweza kufika kwenye uhalali usio na ubishi katika mwaka ule ule ambao wapiganaji wake hawatakuwa tena na kinyongo cha kutoa.