Picha ya Nani? Alama ya Maji na Umiliki wa Sura katika Mitaa ya Nakuru

Kiswahili kinapotamka "picha ya muuza mboga" hakijaamua jambo. A-unganifu hiyo yaweza kuashiria picha inayomwonyesha muuza mboga, picha aliyoipiga yeye mwenyewe, au picha iliyo mali yake. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha huuondoa utata huu mara moja. Katika picha za mitaani, zinazonaswa bila wahusika kujitayarisha na kisha kusambazwa mtandaoni, muktadha hauuondoi, na utata wa kisarufi hugeuka kuwa mgogoro wa kimaadili.

Nakuru ni mfano unaofaa kuchunguzwa. Mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, huishi sehemu kubwa ya maisha yake hadharani: katika Barabara ya Kenyatta, katika soko la Wakulima, katika vituo vya matatu na bodaboda. Mwenye kamera, au hata simu tu, hupata humo sura ambazo studio haiwezi kuzizalisha. Kabla ya kuisambaza kazi yake hulaza jina lake juu ya picha kwa herufi hafifu, na herufi hizo ndizo ziitwazo alama ya maji. Istilahi yenyewe imeazimwa kutoka kwenye karatasi na noti, ambamo alama hiyo huthibitisha kwamba noti si bandia. (Ni kinaya kidogo kwamba Ibara ya 231(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza noti kubeba sura ya mtu yeyote, ilhali alama ya maji ya mtaani mara nyingi hupita juu ya uso wa mtu, kwa kuwa ikiwekwa pembeni hukatwa kwa urahisi.)

Madai ya mpigaji picha si ya kupuuzwa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huitambua picha kuwa kazi ya sanaa na kumpa aliyeipiga haki juu yake, isipokuwa pale alipoagizwa na mwingine. Sheria hiyo hiyo inakataza kuondoa taarifa za kielektroniki zinazobainisha mwenye haki. Mfanyabiashara anayeitwaa picha mtandaoni, akaukata ukingo wenye jina na kuitumia kutangaza bidhaa zake, amekula jasho la mwingine. Ndiyo maana lalamiko la mpigaji ni lile lile daima: picha yangu imechukuliwa bila idhini.

Hapo ndipo hoja inapomgeukia. Sentensi hiyo, bila kubadilishwa hata neno moja, inaweza kusemwa na mama aliyenaswa sokoni akihesabu sarafu. Naye picha yake imechukuliwa, naye hakuulizwa. Anayeshikilia kwamba ni kosa kumtwalia mtu kilicho chake bila kumwuliza hawezi kuiamini kanuni hiyo pale tu inapomlinda yeye. Alama ya maji, kwa hiyo, ni ungamo. Anayeiweka anakiri kwamba mtu ana haki ya kujua anakopelekwa yeye na kilicho chake.

Mnyambuliko wa kitenzi unaeleza tofauti ambayo sheria huipita haraka. Mteja wa studio *hupigiwa* picha. Mpita njia *hupigwa* picha. Kiambishi cha kutendea kinabeba uhusiano mzima. Pwani, ambako upigaji picha wa biashara una historia ndefu, waliokwenda kwa N. V. Parekh mjini Mombasa au kwa Omar Said Bakor kule Lamu walijipamba, wakakaa walivyotaka kuonekana, wakalipa, wakaenda na picha nyumbani. Mhuri wa studio, ulipokuwapo, ulikaa nyuma ya karatasi, mahali pasipogusa uso. Lakini pwani hiyo hiyo ilizaa pia kadi za posta. Zile zilizotolewa Zanzibar na A. C. Gomes na wenzake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa na kawaida ya kutaja jina la studio na kumwacha mwanamke aliyemo na jina la jamii yake tu. Kadi hiyo ndiyo mzazi halisi wa picha ya mtaani yenye alama ya maji. Wamaasai wanaodai malipo kabla ya kupigwa picha na watalii wa Bonde la Ufa huonwa na wengi kuwa wenye tamaa. Ukweli ni kwamba wamekwisha kuisoma historia ya kadi hizo kuliko wanaowalaumu.

Mtetezi wa sanaa hii atasema kwamba idhini huiua picha: ukimwomba mtu ruhusa, atatengeneza shuka na tabasamu, na ukweli utakuwa umetoroka. Hoja hii ina uzito, ila inahusu kunasa, haihusu kusambaza. Baina ya tendo la kwanza na la pili kuna muda, na katika muda huo hakuna ukweli unaotoroka mtu akiulizwa.

Liko jambo zito zaidi. Mnamo Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi ziliingia Nakuru na Naivasha, na waliozipiga picha hawakuomba ruhusa, wala isingekuwa busara kuwadai waombe. Maonyesho ya Picha Mtaani, yaliyoanzishwa na Boniface Mwangi na kuzungushwa katika miji ya Kenya kuanzia 2009, yaliwarudishia Wakenya picha za ghasia hizo barabarani kwenyewe. Katika picha za namna hiyo jina la mpigaji halitangazi milki. Linatoa ushahidi: fulani alikuwepo, na yuko tayari kuulizwa. Foucault, katika mhadhara wake wa 1969 kuhusu mtunzi, alidai kwamba maandishi yalianza kuwa na watunzi pale watunzi walipoweza kuadhibiwa. Utenzi wa Kiswahili unajua jambo hilo kwa njia yake: mtunzi anayejitaja katika beti za mwisho huwa pia anawaomba wajuzi wamsahihishe penye kosa. Jina lake ni dhamana kabla ya kuwa hati ya shamba. Alama ya maji ikisomwa hivi inapata heshima. Ikisomwa kama ua la kuzungushia uso wa mwingine, haipati.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeanza kuyatambua haya, ingawa inaacha nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na ni katika nafasi hiyo mpigaji wa mtaani hujificha. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini baa moja ya Nairobi kwa kusambaza picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mtaani hakuna mkuu wa shule wa kuulizwa. Hakimiliki ya picha nchini Kenya hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotolewa hadharani, na mtoto wa miaka 7 aliyenaswa Nakuru akicheza kando ya reli, picha yake ikasambazwa mwaka 2021, atakuwa na miaka 57 haki hiyo itakapokoma, ikiwa bado kwa jina la mtu ambaye huenda hakuwahi kumwuliza lake.