Sakafu Yako ni Dari ya Jirani Yako

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 36, Allah (SW) ameitaja haki ya jirani ndani ya aya ile ile inayoanza kwa amri ya kumwabudu Yeye peke Yake. Wala hakumtaja jirani aliye ndugu tu, bali na yule wa mbali asiye na nasaba nawe. Swali letu leo ni hili: kwa anayeishi ghorofani, haki yake inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi?

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumelelewa katika nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo kimoja na bomba moja. Humo ujirani haukwepeki. Kuna zamu ya kufagia, zamu ya kuosha choo, na ugomvi ukizuka wakubwa wa nyumba huusuluhisha. Anayehamia kwenye fleti hudhani amepata uhuru: mlango wake, choo chake, luku yake. Akishafunga mlango husema, "Hapa ni kwangu."

Hoja hiyo ina ukweli, maana Uislamu unalinda mali ya mtu na sitara ya nyumba yake. Lakini ghorofani hakuna "kwangu" kunakosimama peke yake. Sakafu yako ni dari ya mwenzako. Maji machafu ya jikoni kwako yanapita kwake. Magomeni Kota, ambako fleti za Serikali za kaya 644 zilizinduliwa mwaka 2022, kila kaya ina mlango wake, lakini ngazi na paa ni vya wote.

Mtume (SAW) ametupigia mfano katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (RA), iliyopokewa na Bukhari. Watu walipiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuwaondolea wenzao usumbufu, tena katika sehemu yao halali. Kumbe nia njema na umiliki havihalalishi madhara. Anayebomoa ukuta wa fleti yake ili apanue sebule bila kumuuliza fundi anayejua jengo, anatoboa jahazi.

Pili, wa juu nao wana wajibu. Haitoshi kukataza tundu; lazima wavumilie kupitiwa na wenye haja ya maji. Anayeishi chini akigoma kuchangia pampu kwa kuwa yeye maji yanamfikia, huku mama mzee wa ghorofa ya nne anabeba ndoo kwenye ngazi, huyo naye ameidhulumu safari nzima.

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Hatumhukumu mtu hapa. Ila tuliona kuwa jengo likianguka halichagui mwenye kosa na asiye na kosa.

Sheria ya nchi ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inatambua maeneo ya pamoja na umoja wa wamiliki. Lakini sheria haiwezi kumfanya mtu agonge mlango wa jirani na kumwambia kwa upole, "Ndugu yangu, bomba lako linavuja." Kunyamaza kwa kisingizio cha "hayanihusu" si adabu, ni kuliangalia tundu likitobolewa. Na kugonga mlango si kuchungulia: tunashughulikia madhara yanayotoka, hatutafuti aibu zilizomo ndani.

Basi kabla hujadai haki yako ghorofani, mjue kwanza aliye chini yako na aliye juu yako. Allah (SW) atujaalie kuwa majirani wema. Amin.