Mwonjaji Asiyeweza Kutema

Kisu kizuri kinakata. Kisu chema sijawahi kukisikia. Tunavipishanisha vivumishi hivi viwili, -zuri na -ema, kana kwamba ni ndugu pacha, lakini ulimi wenyewe unajua mpaka ulipo. Panga, redio, sufuria na pikipiki vyote vinaishia kwenye uzuri. Habari inaweza kuwa njema, kwa kuwa kuna mtu inamfikia. Siku inaweza kuwa njema, kwa kuwa kuna mtu tunamtakia. Yaani kizuri kinaweza kusimama peke yake na kazi yake, ila chema lazima kiwe chema kwa mtu.

Sasa ukiombwa kupima kifaa, unapima kipi kati ya hivyo viwili?

Swali hili nililipata dukani. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anauza simu na vifaa vyake, na siku hizi kwenye kabati la kioo ameongeza vepu. Yeye mwenyewe alivuta sigara miaka mingi kabla ya kuhamia huko. Akanipa kifaa kimoja cha betri mbili pamoja na tangi lake, akaniomba nimwandikie jaribio la Kiswahili la kuwaonyesha wateja, maana yaliyopo mengi ni ya Kiingereza, yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani. Mimi vitabu ndiyo kazi yangu, ila mita ya umeme naijua tangu enzi za kurekebisha redio za majirani. Tukagawana kazi: yeye avute, mimi nipime. Nikamwuliza niandike nini kuhusu madhara.

"Mdogo wangu, wewe andika kinafanya kazi au hakifanyi. Mambo ya mapafu waachie madaktari."

Hoja yake si ya kijinga. Ndiyo hoja inayotumika hata kwenye uhakiki wa vitabu: mhakiki aseme riwaya imesimama au imelala, mambo ya maadili aachiwe shehe na padri. Hebu tuifuate tuone inatufikisha wapi.

Kifaa chenyewe kinaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika tochi. Ndani kuna betri mbili za lithiamu za aina inayoitwa 18650, jina ambalo ni vipimo vyake: milimita 18 kwa upana, 65 kwa urefu. Kila moja ikijaa inafika volti 4.2. Ukizipanga kwa mfuatano, kama kwenye tochi, volti zinajumlishwa. Ukizipanga sambamba, volti hubaki zilezile lakini zinadumu zaidi. Katikati kuna saketi inayosimamia nguvu, na juu yake tangi la kioo lenye maji yake: gliserini, propilini glaikoli, vionjo na nikotini. Koili ya waya inachemsha maji hayo yakiwa yamenywewa na pamba, na unachovuta ni mvuke wake. Ukiweka wati 80, kila betri inabeba kama 40, maana yake inatoa zaidi ya ampia 10. Betri ya simu haipati shurba hiyo hata siku moja.

Kuhusu hizi betri mbili kuna kanuni moja iliyonifurahisha. Wazoefu wanasema lazima "zioane": zinunuliwe pamoja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja, na isije ikatokea moja ikatolewa kwenda kuhudumia tochi ya jirani. Sababu yake ni fizikia tupu. Kwenye mpangilio wa mfuatano, betri iliyochoka inamaliza akiba yake mapema huku mwenzake bado ana nguvu ya kuusukuma mkondo upite ndani yake. Inabanwa chini ya kiwango chake, inaharibika, na betri ya lithiamu iliyoharibika inaweza kuwaka. (Sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo betri za redio ziligongwagongwa ukutani na kuanikwa juani ili zifufuke, tabia hiyo tuiache kwenye redio.) Nilizipima zetu kila jioni. Siku za mwanzo zilikuwa sawasawa kabisa, kisha tofauti ikaanza kuchungulia kwenye tarakimu ya pili baada ya nukta. Ni tofauti ndogo, isiyo na hatari. Lakini inasema jambo kuhusu majaribio ya wiki moja: ndoa haipimwi wiki ya fungate.

Tangi ndilo lililonipa kazi zaidi. Aliyewahi kusomea kibatari anajua kwamba utambi hauungui mradi mafuta yanapanda. Yakikata, unaanza kuungua utambi wenyewe, na pua ya kila mtu chumbani inajua. Pamba ya koili ni hivyohivyo. Ukiongeza wati kupita kasi ya pamba kunywa, au ukivuta mfululizo bila kupumzika, pamba inakauka, na mvutaji anapata pafu moja chungu la kuungua. Kaka yangu alilipata mara mbili. Mara zote mbili alikishusha kifaa mbio, akakohoa, akakitukana.

Pafu hilo liliwahi kuzua mjadala mkubwa wa kisayansi. Januari 2015 wakemia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland, Marekani, walichapisha barua fupi kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Walikuwa wamejaribu kifaa cha tangi kinachoweza kubadilishwa volti, kikivutwa na mashine. Kwenye volti 3.3 hawakuona kitu. Kwenye volti 5 waliona michanganyiko inayotoa fomaldehidi kwa wingi, yaani kemikali ileile iliyomo kwenye fomalini ya kuhifadhia maiti. Magazeti ya dunia yakalipuka. Mwaka huohuo Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo wa Ugiriki, na wenzake wakajibu kwenye jarida la Addiction. Walitumia wavutaji wazoefu kutambua ni hali gani inaleta ladha ya kuungua, na wakakuta kwamba kemikali hizo hupanda sana kwenye hali hiyohiyo ya pamba kukauka, hali ambayo mtu hawezi kuivumilia. Mashine ya Portland iliendelea kuvuta pale ambapo binadamu angetema. Haina ulimi.

Nimeusoma ugomvi huo mara kadhaa, na kinachonivutia ni kwamba sioni upande uliodanganya kuhusu namba. Walichogombania hakikuwa kemia. Waligombania ni nani anayevuta. Unapoweka mashine mdomoni mwa kifaa umeshaamua jambo kuhusu binadamu, na ukiweka mvutaji mzoefu umeamua jambo lingine. Kijana anayeanza leo, ambaye hajui ladha ya kuungua inatakiwa kumwambia nini, hayumo kwenye jaribio lolote kati ya hayo mawili.

Plato, kwenye kitabu cha kumi cha Jamhuri, ana jibu la swali la nani anayekijua kitu. Anasema kila kifaa kina watu watatu: anayekitumia, anayekitengeneza na anayekiiga. Mpiga filimbi ndiye anayejua filimbi ipi ni nzuri, naye humwambia fundi, na fundi husikiliza. Mwigaji, na hapo Plato anatunyoshea kidole sisi wa maandishi, hana ujuzi wowote. Kwa kipimo hicho kaka yangu ndiye mjuzi wa ile vepu, na mimi na mita yangu tunyamaze.

Ila filimbi haimfanyi mpigaji aihitaji tena kila baada ya nusu saa. Nikotini inamfanya. Mtumiaji wa Plato ni shahidi huru. Mtumiaji wa vepu ni shahidi ambaye mshitakiwa ameshamlipa. Ndiyo maana hata methali yetu inapinda hapa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tunasema. Wazee walioitunga walikuwa wakifikiria maembe na nguo. Kitu chenye nikotini kinajiuza kiwe kizuri au kibovu, kwa sababu kimeajiri dalali ndani ya mnunuzi.

Kuna tofauti nyingine ambayo nadhani ni nzito zaidi. Waonjaji wa chai ya mnada wa Mombasa, na wale wa kahawa pale Moshi, hufyonza kijiko kwa kelele, hukizungusha kinywani, halafu hutema. Kutema ndiko kunakompa mwonjaji ujuzi bila kumfanya mnywaji. Mapafu hayatemi. Anayejaribu vepu anaitumia, hakuna njia ya katikati, na pafu la jaribio linaingia mwilini sawasawa na pafu la raha. Kiswahili kimeliona hili zamani: jaribio na jaribu vimetoka kwenye kitenzi kimoja, na wanaosali wasitiwe majaribuni hawazungumzii maabara.

Nirudi kwenye hoja ya kaka, ya kuandika kinafanya kazi tu. Mwaka 2019 ugonjwa wa mapafu uliwakumba wavutaji wa vepu nchini Marekani. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na kati yao waliokufa ni 68. Kilichohusishwa zaidi na janga hilo ni asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya bangi ya magendo. Betri hazikuwa na kosa. Jaribio la kinafanya kazi au hakifanyi lingevipa vifaa vile alama za juu.

Hapo mtu atasema: basi usiandike kabisa. Hata mimi jibu hilo lilinijia kwanza, na lina usafi fulani unaovutia. Uganda ilichukua njia hiyo kisheria mwaka 2015 ikapiga marufuku sigara za kielektroniki; Umoja wa Ulaya ulichagua kuhesabu, tangi lisizidi mililita 2, nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita. Lakini nikinyamaza, vepu haitoki kabatini. Mnunuzi anabaki na boksi lenye picha ya mawingu. Na sitaki kusahau kwamba kifaa hiki cha kisasa kilibuniwa China mnamo 2003 na mfamasia Hon Lik, mvutaji aliyefiwa na baba kwa saratani ya mapafu. Kilianza kama jambo jema kwa mtu fulani. Kaka yangu alikuwa akikohoa kila alfajiri hadi majirani wanaamka, na sasa hakohoi. Siwezi kumwambia kwamba hilo si kitu.

Kilichonikwamisha ni sentensi moja. Nilikuwa nimeandika: "Mvuke ni mzito na laini, haukwaruzi koo hata kwenye wati 80." Ni kweli tupu. Kijana wa miaka 16, mpwa wa jirani anayepita dukani akitoka shule, aliisoma juu ya bega langu. Macho yakamng'aa. "Kwa hiyo hata mtu ambaye havuti hawezi kukohoa?"

Sigara ina adabu moja tu, nayo ni kumkaba anayeanza. Kile kikohozi cha kwanza ni mlinzi wa getini. Wengi waliwahi kurudishwa naye wakashukuru ukubwani. Mhandisi wa tangi hili amefanya kazi kwa ustadi mkubwa kumwondoa mlinzi huyo. Kwa kaka yangu, ambaye yumo ndani tayari na anatafuta mlango wa kutokea, ulaini ule ni msaada. Kwa yule kijana ni geti lililoachwa wazi usiku. Na kadiri kifaa kinavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo kinavyozidi kuwa hivyo kwa wote wawili. Siwezi kuandika uzuri wake peke yake nikaacha swali la wema liamuliwe hospitali, kwa sababu hapa uzuri wenyewe ndio unaogawanyika mara unapokutana na mtu.

Basi nikaiandika upya. Sentensi ya ulaini niliibakisha, maana kuificha kungekuwa uongo, ila nikaitaja kama kipimo chenye mtu: kwa aliyezoea sigara haikwaruzi, kwa asiyevuta, kutokukwaruza ndiko kasoro kubwa kuliko zote za kifaa hiki. Nikaeleza betri na ndoa yao, nikataja wati ambazo koili ile ilianza kuungua, nikaandika kwamba tangi linavuja ukililaza. Ukubwa wa mawingu sikuupima. Badala yake nikaweka safu ambayo sijaiona kwenye majaribio mengine: sigara alizovuta kaka yangu katika siku zile tisa. Mbili. Zote mbili msibani, usiku mmoja, alipokaa na wenzake wa zamani.

Alisoma yote kimya hadi akafika hapo.

"Hii ya msibani itoe. Hiyo si sifa ya kifaa."

"Kaka, ulikinunua kifanye nini?"

Hakujibu. Alichukua kalamu ya kuandikia risiti, akaikata ile mbili, juu yake akaandika tatu, kisha akaenda kumhudumia mteja aliyekuwa anaulizia chaja.